Vitone vya Jaomiza

Mchambuaji wa vanila hategemei macho peke yake. Macho hudanganyika. Jua likiwaka, ganda kavu linang'aa ukadhani lina mafuta, na mawingu yakitanda, ganda zuri linaonekana bovu. Vidole ndivyo visivyodanganyika, na pwani yetu yote ya mashariki ya Bukini hakuna aliyekuwa na vidole kama vya Soazara. Alikuwa msimamizi wa wanawake themanini waliochambua vanila kwenye ghala la Bi Filomena. Mfunge kitambaa machoni, mpe maganda kumi, atakupangia kwa urefu, kwa unene na kwa unyevu, na hatakosea hata moja. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba marehemu mumewe hakuthubutu kutoka nje ya ndoa, maana Soazara angempapasa bega tu akajua kalala wapi.

Basi na mjue jambo moja, kwa sababu hadithi yote imesimama juu yake. Kila mkulima wa vanila huku ana kizibo chake. Ni kizibo cha chupa tu, kimechomekwa ncha za sindano kwa mpango anaoujua mwenyewe. Ganda likiwa bado bichi kwenye mmea, mkulima huligonga kwa kizibo hicho, moja baada ya jingine, mpaka mkono ufe ganzi, na kovu likishashika halitoki. Lichovye kwenye maji ya moto, lifunike kwa blanketi litoe jasho, lianike miezi mitatu, kovu lipo pale pale. Wezi ni wengi, na kovu ndiyo hati ya mtu. Mwenyewe akifa, kizibo chake huzikwa pamoja naye, kwani ni mwiko aliye hai kutumia alama ya mfu. Mwanawe hujitengenezea yake.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, Soazara alikuwa mezani akichambua mzigo ulioletwa na Evarist, mtoto wa pekee wa Bi Filomena, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kumnunulia mama yake vanila. Soga ilikuwa imekolea, wanawake wakimsema mtu aliyeoa mke wa tatu huku paa la mke wa kwanza linavuja. Soazara alikuwa akicheka. Kidole gumba chake kikapita juu ya vitone vitano, vitatu juu na viwili chini, na kicheko kikakatika.

Alama ile aliijua miaka kumi na moja. Ilikuwa ya Jaomiza wa kijiji cha Ambodisaina, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akileta vanila yake mwenyewe imefungwa kwa jani la mgomba, na kila akija hakosi kumletea Soazara chochote, hata kama ni mapapai mawili. Jaomiza alikuwa marehemu. Aliuawa shambani kwake mwezi wa sita, wiki tatu kabla msimu wa mavuno haujafunguliwa, akilinda mazao yake. Walimkuta amepasuliwa kichwa na shamba limevunwa lote. Vanila yake ilitoweka, na mpaka asubuhi ile hakuna aliyejua ilikokwenda.

Aliyekamatwa ni Bemanana, jirani yake. Wawili hao walikuwa wamechanjiana udugu tangu ujanani, damu ya huyu ikaingia kwa yule. Lakini mwezi mmoja kabla ya mauaji waligombania mpaka wa shamba mbele za watu, na Bemanana, hasira zilipompanda, akasema kwamba Jaomiza akiupenda mpaka huo kiasi hicho basi atazikwa nao. Ulimi hauna mfupa. Neno hilo moja lilitosha kumtia ndani akisubiri kesi, na watu wa ukoo wake hawakusubiri kesi. Walitamka kwamba aliyemwaga damu ya ndugu wa kuchanjiana hataingia kaburi la ukoo. Kwetu huku, afadhali mtu anyongwe. Asiyelala na baba zake hana kwao, atabaki njiani milele.

Hayo yote Soazara aliyajua huku kidole kikiwa bado juu ya vitone. Alichambua mpaka jioni, akawa anayatoa maganda yenye alama ile moja moja na kuyaficha chini ya kanga aliyojifunga kiunoni. Yalifika sitini na moja. Hakuna mnunuzi ambaye angeuziwa vanila hiyo na Jaomiza, kwa sababu Jaomiza hakuwahi kuvuna. Aliyekuwa nayo ameipata kwa muuaji, au ni muuaji mwenyewe. Wenzake walipoondoka akapanda ngazi kwenda ofisini kwa Bi Filomena.

Nisimseme vibaya Bi Filomena kabla ya wakati. Mama yule alikuwa na moyo. Mume wa Soazara alipolala hospitali miezi minne, nani aliyelipa? Binti wa Soazara alipoolewa, ng'ombe wa harusi alitoka wapi? Alivaa miwani yake, akashika ganda, akalitazama, akaligeuza huku na huku. Kisha akamwambia Soazara ampishe kidogo, akatuma mtu amwite Evarist. Soazara alikaa nje kwenye ngazi, akasikia sauti ya mama, kisha ya mtoto, kisha kitu cha udongo kikivunjika. Evarist akatoka akampita bila kumwangalia. Alipoitwa ndani tena, Bi Filomena alikuwa ameketi sakafuni, yeye aliyekuwa haketi hata kwenye benchi za wafanyakazi.

"Hakupiga yeye," alisema. "Alikuwapo tu."

Bi Filomena aliyasema mengi jioni ile, na baya ni kwamba mengi yalikuwa kweli. Mzigo ukizuiwa, mteja wa ng'ambo atavunja mkataba, ghala litafungwa, na wanawake themanini watarudi nyumbani kuwatazama watoto wao usoni. Wamekosa nini wao? Lakini neno lililomwingia Soazara halikuwa hilo.

"Watu wa Ambodisaina unawajua," Bi Filomena alisema. "Hawangoji hakimu. Watamkatakata mwanangu barabarani na mimi nikiangalia."

"Na Bemanana, Mama?"

"Bemanana nitamwekea wakili. Krismasi haitafika hajatoka, nakuapia kaburi la baba yangu."

Kiapo cha namna hiyo hakiapwi ovyo. Soazara alikishika kwa mikono miwili, maana alikuwa anatafuta cha kushika. Asubuhi yake alifunga fungu yeye mwenyewe. Maganda ya Jaomiza aliyaweka katikati, maganda safi yakayazunguka pande zote, akakaza kwa nyuzi za majani ya mwale na kupiga fundo lake la mizunguko mitatu ambalo kila mtu ghalani alilijua. Akafunika kwa karatasi ya nta, akaliweka kwenye kasha la bati. Kisha akatia saini cheti kinachosema kwamba vanila yote imenunuliwa kwa wenyewe, kwa ridhaa yao. Katikati ya kufunga, mkono wake ulichomoa ganda moja ukalitia kifuani. Hakuupa ruhusa. Sitini yakaenda ng'ambo, moja likaenda naye nyumbani, akalificha ndani ya kopo la biskuti chini ya nguo yake ya harusi.

Sasa sikilizeni. Mtu aliyechambua vanila miaka ishirini hasikii tena harufu yake. Wageni huingia ghalani wakafumba macho kwa raha, sisi hatusikii kitu. Tangu siku ile Soazara alianza kuisikia. Aliisikia kwenye wali. Aliisikia kanisani, kwenye mto wa kulalia, kwenye maji ya ukoko wa wali anayokunywa baada ya chakula. Alinawa mikono kwa majivu, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, na harufu ikarudi hata kabla mikono haijakauka.

Vidole navyo vikamgeuka. Akichagua mchele, anakuta punje tatu juu na mbili chini. Akishika ukingo wa meza, misumari imepangwa hivyo hivyo. Jumamosi moja alikuwa akimwogesha mjukuu wake uani, mchana kweupe, mtoto ana vipele vya joto mgongoni. Soazara alipitisha mkono wenye sabuni, vidole vikahesabu vyenyewe, vitatu, viwili. Kata ya maji ikamponyoka. Mtoto akauliza, "Bibi, mgongoni nina nini?" Akamwambia hana kitu, akamfunika kwa taulo akiwa bado na povu.

Wakati mwingine aliwaza habari za yale maganda sitini. Watu wa mbali huko wanazitia vanila zetu kwenye maziwa na keki, wanawalisha watoto siku zao za kuzaliwa. Alimwona mtoto mdogo, wa nani hajui, analamba kijiko chenye damu ya Jaomiza na kuomba aongezwe. Alimwambia Bi Filomena, naye Bi Filomena akamsihi apumzike siku mbili.

Wakili alikwenda gerezani mara moja tu. Krismasi ikafika, ikapita. Kila Soazara alipouliza aliambiwa karatasi zinashughulikiwa, na Bi Filomena alijibu huku akitazama pembeni. Hapo ndipo angesema. Mimi ninayesimulia nasema wazi, hapo ndipo! Lakini alijiambia angoje kidogo, na ngoja ngoja huumiza matumbo, ila safari hii tumbo lililoumia halikuwa lake. Mwishoni mwa mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekata barabara, habari ikaingia ghalani wakati wa chakula kwamba Bemanana amekufa gerezani kwa kikohozi. Mwanamke mmoja akasema Mungu amelipa. Wengine wakaendelea kula.

Ukoo ulishika neno lake. Walimzika peke yake kando ya njia, kwenye kona iliyo kabla ya daraja, bila ng'ombe wala nyimbo. Na haikupita muda watu wakaanza kusema mambo. Eti ukipita pale mchana wa jua kali, njia ikiwa haina mtu, unasikia sauti nyuma yako ikikuuliza kwa adabu kabisa, "Samahani, kwetu ni upande gani?" Ukigeuka huoni mtu. Muuza samaki aliapa ameisikia. Mwalimu wa shule, mtu asiyeamini hata mvua mpaka alowe, akawa anapita njia ya mbali. Soazara hakuthubutu kupita kujua. Kwa miezi minane alikwenda kumwona dada yake kwa kuzunguka kilima, saa nzima zaidi, na akiulizwa anasema anajenga miguu.

Alikwenda kwa Bi Filomena mara moja baada ya msiba. Alimkuta amekonda. Evarist alikuwa amehamishiwa mji mwingine kwa jamaa zake. Bi Filomena alimwambia kwa sauti ndogo kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba kusema sasa hakutamfufua mtu. Soazara akarudi mezani kwake. Usiku na mchana ukawa mmoja. Kitu kimoja tu alikifanya, alikuwa kila Jumapili akifungua kopo la biskuti kuliangalia lile ganda. Lilikuwa limevunwa kabla ya wakati, na la namna hiyo huwa linaota ukungu na kuoza. Hili lilikuwa linatoa weupe. Alilipeleka kwenye jua. Ukungu haung'ai, unanuka. Weupe ule uling'aa na kunukia, chembe ndogo ndogo za sukari ya vanila zinazojitokeza kwenye ganda bora tu, lililotunzwa kwa miaka. Ganda la Jaomiza lilikuwa linaota mvi ndani ya kopo lake.

Mwezi wa kumi ukarudi. Siku hiyo Soazara alifungua mzigo mpya uliopokelewa getini, akatia mkono, na vidole vikasoma vitone vitano, vitatu juu na viwili chini.

Kwanza alidhani ni maradhi yake. Aliwapa wenzake waangalie, nao wakaona. Labda ni masalio ya mwaka jana? Alilinusa, akalikunja kidoleni. Ganda lilikuwa la msimu huu, laini, mafuta yake mapya. Akachukua la pili, la tatu, akamwaga fungu zima mezani. Yote. Mtu aliyezikwa miezi kumi na sita alikuwa ameyagonga alama maganda yaliyokuwa hayajazaliwa siku anakufa. Wanawake walisimama kutoka kwenye mabenchi, mmoja akatema mate kulia na kushoto, mwingine akataka yachomwe moto hapo hapo. Soazara alibaki ameketi.

Akauliza kwa shida mzigo ni wa nani. Mlinzi akasema ni wa mwanamke mmoja, yuko getini tangu asubuhi, amekataa kulipwa mpaka awaone wanaochambua. Kabla hajaitwa, mwanamke mwenyewe akaingia. Alikuwa mfupi, amefunga kitambaa cheusi kichwani, miguu ina tope la safari. Alisema jina lake ni Zafisoa, mjane wa Jaomiza. Akatoa kizibo kutoka kwenye pindo la nguo yake akakiweka mezani, sindano tano zikiangalia juu.

Minong'ono ikapita. Kizibo cha mfu, mchana kweupe! Zafisoa alisubiri watulie. Alieleza, bila haraka, kwamba siku ya mazishi alikificha kizibo, akazika kingine kisicho na sindano. Msimu uliofuata aligonga vanila yote kwa alama ya mumewe, mwenyewe, kwa mkono wake. Kijijini wanamwita mchawi na hakuna anayemwazima hata moto. Kisha akaanza kuzunguka nayo kwenye maghala.

"Vanila ya mume wangu haikuyeyuka," alisema. "Ilipita kwenye mikono ya mtu aliyeijua alama hii, akanyamaza. Mimi sijui kusoma, dada, ningemtafutaje? Nimeileta alama imtafute. Nimekwenda maghala manne. Kote walishangaa tu, wakanifukuza. Wewe hukushangaa. Wewe umeogopa."

Zafisoa akasogea karibu, akamwinamia kama anavyozungumzishwa mgonjwa.

"Sitafuti aliyeua. Huyo Mungu anamjua. Bemanana alimpenda mume wangu kuliko nilivyompenda mimi, walikuwa wakigombana hivyo tangu utoto na kupatana kabla ya wali kuiva. Namtafutia njia ya kwenda kwao. Anauliza watu barabarani, dada. Hujamsikia?"

Soazara aliinua macho. Juu kwenye ngazi alikuwa amesimama Bi Filomena, ameshika ukuta, na alikuwa amesikia yote. Hakukasirika wala hakutishia. Alitikisa kichwa taratibu, akimwomba, machozi yakimtoka, kwa namna ambayo mama yeyote angemwomba mtu yeyote. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Angemtukana ingekuwa rahisi. Soazara alimtazama mpaka akashindwa, akajifungua kanga ya kazi kiunoni, akaikunja, akaiacha juu ya benchi. Akamwambia Zafisoa amfuate.

Nyumbani alitoa kopo, akaondoa nguo ya harusi, akampa ganda. Mjane alipitisha kidole juu ya vitone, akalishika shavuni.

"Yalikuwa sitini na moja," Soazara alisema.

"Mengine?"

"Yameliwa."

Zafisoa hakulia. Alikaa kitandani kwa Soazara bila kukaribishwa, kisha akauliza kama kuna maji ya kunawa miguu.

Asubuhi yake walianzia kwa askari, si kijijini, kwa sababu Soazara alitaka Evarist afikiwe na sheria kabla hajafikiwa na mapanga. Alisema kila kitu, na jina lake mwenyewe, na fundo lake mwenyewe, na saini yake mwenyewe. Afisa aliandika, akapiga simu, na kabla ya chakula cha mchana Evarist alikuwa amekamatwa huko alikokuwa, mzima, hajaguswa na mtu. Walimwambia Soazara asiondoke wilayani, kesi yake itaitwa. Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Soazara alipotoka nje aliangalia jua lilipofika. Asubuhi moja! Ingefanyika mwaka jana, asubuhi ile ile, badala ya kufunga fungu.

Kesho yake walikwenda Ambodisaina. Askari mmoja alifuatana nao amebeba ganda ndani ya bahasha, maana lilikuwa ushahidi. Walipita njia ya kona, na Soazara akatembea amefumba macho, ameshika bega la Zafisoa. Hakusikia kitu isipokuwa nyenje.

Watu walikusanyika nyumbani kwa Mzee Velomaro, kaka mkubwa wa Bemanana, yeye aliyetamka kwamba mdogo wake hatalala na baba zao. Walijaa hadi nje, wengine wakichungulia kwenye nyufa za ukuta wa makuti. Soazara alisimama katikati akasema tena yale yale. Alidhani mara ya pili itakuwa nyepesi. Alipomaliza, Mzee Velomaro alinyosha mkono, askari akampa ganda. Mzee alilisogeza kwenye mwanga wa mlango. Weupe ule ukang'aa. Akapapasa vitone, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni vyenyewe, anavijua.

"Uliligusa lini?" akauliza.

"Mwezi wa kumi, baba. Mwaka jana."

Mzee hakumtazama. Aliweka ukucha wa kidole gumba juu ya kitone cha kwanza. "Wa kumi," akasema. Akasogeza ukucha. "Wa kumi na moja." Akasogeza tena. "Wa kumi na mbili." Akashuka kwenye vile viwili vya chini. "Wa kwanza." Kwenye kitone cha mwisho hakuondoa ukucha. "Wa pili."

"Alikuwa hai," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilikuwa nimemfungia mlango." Hilo hakumwambia Soazara. Alilirudisha ganda kwa askari, akafuta mikono kwenye nguo, akawaambia wanawake watoe sanda mpya na vijana wakamfukue Bemanana.

Hakuna aliyempiga Soazara, wala kumtukana. Alikuwa mgeni, na mgeni hapewi kisogo kabla hajala, kwa hiyo walimwandalia wali kwenye jani, wakamwachia peke yake chumbani. Alikula yote kwa sababu kubakiza ni dharau. Kupitia nyufa aliwasikia wakiimba kuelekea barabarani kumchukua ndugu yao. Zafisoa alikuwa pamoja nao, ameshika kizibo mkononi. Alikuwa amesema atapitia kwanza kaburini kwa mumewe akizike, sasa kimemaliza kazi.

Alirudi peke yake alasiri. Mjini habari zilikuwa zimeshamtangulia. Ghala lilikuwa limefungwa, na wanawake wenzake, wale aliocheka nao miaka ishirini, walikuwa wamemwaga takataka mlangoni kwake, naye hakuwalaumu. Kaka yake alikuwa ametuma ujumbe kwamba ukoo wao utakaa Jumapili kujadili atalazwa wapi siku atakapokufa. Lakini hayo aliyakuta baadaye. Kabla ya hapo alifika kwenye kona iliyo karibu na daraja, na safari hii hakufumba macho. Kaburi lilikuwa wazi, udongo mwekundu umerundikwa kando, shimo tupu. Hapakuwa na mtu njiani. Soazara akasimama ukingoni, jua linamchoma utosini, akangoja kuulizwa njia. Alingoja sana. Hakuna aliyemwuliza, na alipotaka kuondoka hakukumbuka kwao ni upande gani.